SOMO LA AFYA: Kipandikizi Kilichoingia Bila Kisu na Kutoka kwa Upasuaji



Katika ziara zetu za kufuatilia vikundi vya akina mama mwaka huu tumekutana na swali moja zaidi ya mara tatu, katika sharika zilizo mbali mbali. Mara ya kwanza liliulizwa na mama mmoja mtu mzima, mjumbe wa kamati, baada ya mwezeshaji wetu kumaliza somo la uzazi wa mpango. Alisimama, akashukuru, kisha akasema: "Mwalimu, hicho kijiti unachotuambia, si ndicho kile kilichowafanya wanawake wa Marekani watolewe vizazi? Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu." Mwezeshaji alijibu kwa uaminifu kwamba hana habari hizo, akaahidi kuleta jibu. Mikutano miwili iliyofuata katika usharika ule ilikuwa na mahudhurio hafifu.

Tumeona ni vema jibu hilo tulitoe hapa ili kila kamati iwe nalo. Jibu fupi ni hapana, sicho kile. Lakini habari aliyoiona yule mama ni ya kweli, na tulipoifuatilia tuliona kwamba kuna jambo ndani yake linalotuhusu sisi tunaopanga miradi, pengine kuliko linavyowahusu akina mama walioliuliza.

VITU VIWILI TOFAUTI

Kijiti kinachotolewa katika zahanati na vituo vyetu vya afya huwekwa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Ni kijiti kimoja au viwili vilaini, kila kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti, vyenye homoni inayozuia mimba kwa miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina. Mama akitaka kuzaa tena, au kisipomfaa, mtoa huduma aliyefundishwa humchoma sindano ya ganzi, hupasua ngozi kidogo na kukitoa. Kwa kawaida ni kazi ya dakika chache. Hiyo ni njia ya muda, na uwezo wa kupata mimba hurudi.

Kile cha Marekani kiliitwa Essure. Hakikuwekwa mkononi, hakikuwa na homoni, na hakikukusudiwa kutolewa. Kilikuwa kipandikizi cha kudumu, kilichobuniwa kichukue nafasi ya operesheni ya kufunga mirija ya uzazi. Hatuna huduma hiyo katika mradi wetu na hatujawahi kuwa nayo. Hivyo kamati zinaweza kuwajibu akina mama bila wasiwasi kwamba kijiti cha mkononi si Essure.

Hata hivyo kuna jambo la kukumbuka. Essure kiliuzwa Marekani kuanzia mwaka 2002 hadi mwisho wa 2018, na kiliuzwa pia katika nchi za Ulaya hadi 2017. Kwa makadirio, zaidi ya vifaa 750,000 viliuzwa duniani. Wanawake wa kwetu walioishi huko miaka hiyo kwa masomo, kazi au ndoa wangeweza kuwekewa kama mwanamke mwingine yeyote. Mama wa namna hiyo akirudi nyumbani na maumivu ya nyonga, na eksirei ikaonyesha vitu viwili kama springi ndogo, kimoja kila upande wa mfuko wa uzazi, mganga anayemhudumia anapaswa kujua anatazama nini. Ndiyo maana tumeamua kueleza kwa kirefu kidogo.

KILIVYOFANYA KAZI

Kampuni iliyokibuni iliitwa Conceptus, ya jimbo la California. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayojulikana kama FDA, ilikiidhinisha Novemba 2002. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya dawa ya Ujerumani, Bayer, iliinunua Conceptus pamoja na kifaa hicho.

Essure kilikuwa springi mbili, kila moja na urefu wa sentimita 4 hivi. Waya wa nje ulikuwa mchanganyiko wa nikeli na titani, wa ndani ulikuwa chuma kisichoshika kutu, na katikati mlikuwa na nyuzi za plastiki za aina ileile inayotumika kutengenezea nguo za poliesta. Daktari alipitisha kamera nyembamba ukeni, kupitia mlango wa kizazi hadi ndani ya mfuko wa uzazi, akasukuma springi moja katika mdomo wa kila mrija. Springi ilipoachiwa ilitanuka na kushika kuta za mrija. Hakukuwa na kisu wala nusu kaputi, na mama aliweza kurudi nyumbani siku ileile. Kwa mama mwenye watoto wanaomsubiri, au mwenye ugonjwa wa moyo unaofanya nusu kaputi kuwa hatari, hilo halikuwa jambo dogo. Tusiwaone wale waliokichagua kama watu waliodanganyika kirahisi, maana wengi wetu tungekichagua.

Sasa tuangalie kilichoziba mrija. Springi yenyewe haikuziba. Zile nyuzi ziliwekwa makusudi ili mwili uzikatae. Mwili ukiona kitu kigeni huwaka, huvimba, na hatimaye hukizungushia kovu. Kovu hilo ndilo lililoziba njia, nalo lilihitaji takriban miezi mitatu. Katika miezi hiyo mama alipaswa kutumia njia nyingine, kisha arudi kwa kipimo cha eksirei yenye dawa ya kuonyesha kama mirija imeziba kweli. Baadhi yao hawakurudi, kama inavyotokea hata kwetu mama anapoambiwa arudi kliniki baada ya miezi mitatu na wakati huo hajisikii kuumwa. Miongoni mwao wapo waliopata mimba wakiamini wamefunga.

Kwa maneno mengine, kifaa hiki kilifanya kazi kwa kuumiza mrija kidogo ili uote kovu. Shabaha ilikuwa kuleta mwako mdogo, wa mahali pamoja, unaokoma wenyewe. Kwa wanawake wengi inaonekana ndivyo ilivyokuwa, na wapo wanaoishi nacho hadi leo bila shida. Kwa wengine mambo yalienda vingine.

DALILI

Malalamiko yaliyojitokeza zaidi yalikuwa maumivu ya kinena na nyonga yasiyokoma, wakati mwingine ya upande mmoja, wakati mwingine makali kama ya uchungu wa kuzaa, pamoja na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Lililofuata lilikuwa hedhi kubadilika: damu nyingi, siku nyingi, au kutoka damu katikati ya mwezi. Baadhi yao springi ilitoboa mrija au ukuta wa mfuko wa uzazi, ikahama na kuonekana ndani ya tumbo mahali isipotakiwa. Baadhi springi ilikatika. Wapo waliopata mimba, na miongoni mwao wapo ambao mimba ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, jambo ambalo wauguzi wetu wanajua linavyoweza kuua ndani ya saa chache.

Kuna kundi jingine la dalili ambalo limeleta ubishi zaidi: uchovu usioisha, maumivu ya kichwa, viungo kuuma, nywele kukatika, vipele na kuwashwa mwili, tumbo kujaa. Wanawake wengi waliokuwa na dalili hizi walizihusisha na nikeli. Ni kweli kwamba kuna watu ambao ngozi zao huikataa nikeli. Wale wanaotokwa na vipele masikioni kwa hereni za bei nafuu au tumboni penye kifungo cha suruali wanalijua hilo. Maelekezo ya kwanza ya Essure yalikataza kumwekea mwanamke mwenye mzio wa nikeli. Mwaka 2011 katazo hilo liliondolewa, likabaki onyo tu.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, maana katika kazi ya afya ni rahisi kubeba kila lalamiko likawa ushahidi, na ni rahisi vilevile kulitupa kila lalamiko. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 105,000, waliowekewa Essure na waliofungwa mirija kwa operesheni. Waliowekewa Essure walipata matatizo zaidi ya mirija na walirudi zaidi kwa upasuaji mwingine. Lakini kwa magonjwa ya mwili mzima, kama yale ya kinga ya mwili kujishambulia au ya tezi ya shingo, watafiti hawakuona kwamba wa Essure waliyapata zaidi. Je, hiyo ina maana wanawake wale walikuwa wakijitungia? Hapana. Takwimu za hospitali huhesabu magonjwa yenye majina. Uchovu na nywele kukatika mara nyingi haviandikwi popote. Tunasema tu kwamba uhusiano wa dalili za nyonga na Essure umethibitika vizuri zaidi kuliko ule wa dalili za mwili mzima, na kamati ikiulizwa ijibu hivyo.

MALALAMIKO YALIVYOCHELEWA KUSIKIKA

Kifaa kiliidhinishwa 2002. Mabadiliko makubwa yalikuja 2016 na 2018. Miaka hiyo yote katikati, wanawake walikuwa wapi?

Walikuwa kwa madaktari wao, mmoja mmoja. Mama aliambiwa ni umri, au ni uzito, au ni mawazo, au ndivyo hedhi inavyokuwa baada ya kuacha vidonge. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mwaka 2011 wachache walianzisha kikundi kwenye Facebook, na kikakua hadi kufikia wanachama makumi ya maelfu. Waligundua wanasimulia hadithi moja. Wakaanza kufundishana jinsi ya kujaza fomu ya FDA ya kuripoti madhara, fomu ambayo mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuijaza. Hadi mwisho wa mwaka 2017 FDA ilikuwa imepokea zaidi ya ripoti 26,000 kuhusu Essure, na nyingi kati yake zilifika baada ya mwaka 2013. Mwiba ulikuwa umeshachoma kwa miaka kumi, ila karatasi ya kuuandika ndiyo ilikuwa haijawafikia waliochomwa.

Oktoba 2015 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika jimbo la New York. Ulilinganisha wanawake 8,048 waliowekewa Essure na 44,278 waliofungwa mirija kwa upasuaji wa matundu madogo. Mimba zisizotarajiwa zilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa katika kurudishwa kwenye chumba cha upasuaji. Ndani ya mwaka mmoja, kati ya kila wanawake 1,000 wa Essure walirudi takriban 24. Kati ya kila 1,000 waliofungwa mirija walirudi 2. Yaani njia iliyosifiwa kwa kumwepusha mama na kisu ndiyo iliyompeleka kwenye kisu mara kumi zaidi.

Mwezi mmoja kabla ya utafiti huo kutoka, FDA ilikuwa imeitisha kikao cha wataalamu na kuwasikiliza wanawake wenyewe. Mwaka 2016 iliagiza kampuni ifanye utafiti mpya, na maelezo ya kifaa yawekewe onyo la ngazi ya juu kabisa, lile linalochapishwa ndani ya fremu nyeusi. Aprili 2018 ikaamua kwamba kiuzwe tu kwa madaktari watakaosoma orodha ya madhara pamoja na mama na kumpa nafasi ya kuisaini. Tarehe 20 Julai 2018 Bayer ilitangaza kwamba itaacha kukiuza Marekani ifikapo mwisho wa mwaka huo, ikieleza kwamba sababu ni za kibiashara. Agosti 2020 ilitangaza kulipa takriban dola bilioni 1.6 ili kumaliza sehemu kubwa ya madai ya wanawake karibu 39,000, bila kukubali kwamba ilikosea. Wanasheria wa wanawake wale walikuwa na kazi ngumu, kwa sababu tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2008 ni vigumu sana kumshtaki mtengenezaji wa kifaa kilichopitia idhini ya juu ya FDA. Idhini iliyokusudiwa kumlinda mgonjwa ikawa pia ngao ya kampuni.

KUKITOA

Hii ndiyo sehemu iliyotushughulisha zaidi.

Mama aliyeamua kwamba hataki tena springi zile alikwenda kwa daktari yule yule aliyemwekea, akitegemea kwamba aliyefunga atajua kufungua. Mara nyingi hakujua. Mafunzo aliyopewa yalikuwa ya kuweka. Kifaa kilipewa jina la cha kudumu, na kwa kuwa ni cha kudumu, njia ya kukitoa haikuandaliwa kwa uzito uleule. Madaktari walijifunza wakiwa kazini, wakaandikiana yaliyofaulu na yaliyoshindikana, na hata baada ya miaka mingi wataalamu hawakuwa wamekubaliana juu ya njia moja iliyo bora.

Ikiwa ni wiki chache tu tangu kuwekwa, na sehemu kubwa ya springi bado inaning'inia ndani ya mfuko wa uzazi, inawezekana kuirudia kwa kamera kupitia ukeni na kuivuta nje. Muda ukipita, lile kovu lililokusudiwa linakuwa limeishika. Ukivuta kwa nguvu, waya unanyooka kama springi ya kalamu inavyonyooka mikononi mwa mtoto, kisha unakatika. Kipande kinabaki, na nyuzi za plastiki zinabaki. Wapo wanawake waliotoka kwenye operesheni wakiambiwa imekwisha, maumivu yakaendelea, na eksirei ya baadaye ikaonyesha kipande.

Kwa hiyo njia inayotumika zaidi ni upasuaji wa matundu madogo ya tumbo, mama akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Daktari anaweza kuupasua mrija kwa urefu mahali springi ilipo na kuitoa taratibu bila kuikata, au kuuondoa mrija wote ukiwa na springi ndani yake. Springi ikiwa imezama hadi pembe ya mfuko wa uzazi, mahali mrija unapoungana nao, hulazimika kukata na sehemu ya pembe hiyo, na hapo kuna kutoka damu na kushona. Inabidi awe mwangalifu na kisu cha umeme, kwa kuwa chuma hupitisha joto. Kabla ya operesheni inafaa ipigwe picha ili kujua springi ziko wapi hasa, maana huenda moja imehama. Baada ya kutoa, springi zikaguliwe kama ni nzima, na pakiwa na shaka ipigwe eksirei kabla mama hajaondoka mezani.

Na wapo waliotolewa kizazi chote. Ama springi zilikuwa zimezama ukutani, ama hedhi yenye damu nyingi ilikuwa na chanzo kingine pia, ama daktari aliona ndiyo njia ya uhakika ya kutoa kila kitu pamoja. Alichosema mjukuu wa yule mama kilikuwa kweli. Wanawake wenye umri wa miaka thelathini na kitu, waliokwenda kwa huduma ya dakika chache bila kushonwa hata uzi mmoja, walimaliza kwa operesheni kubwa na wiki kadhaa za kukaa bila kubeba kitu kizito.

Je, walipona? Taarifa zilizochapishwa na madaktari zinaonyesha kwamba wengi walipata nafuu, hasa ya maumivu ya nyonga. Si wote. Kwa baadhi maumivu yalipungua tu, na kwa wachache hayakubadilika. Ndiyo maana FDA haikuwashauri wanawake wasio na dalili wakitoe kwa hofu tu: upasuaji una hatari zake, na mtu asiyeumwa hana sababu ya kuzibeba. Mwenye dalili ndiye anayepaswa kumwona daktari, kuchunguzwa kama kuna sababu nyingine, kama uvimbe kwenye kizazi au maambukizi, kisha waamue pamoja. Nchini Ufaransa serikali ilitoa agizo Desemba 2018 la kusimamia operesheni hizi, ili zifanywe kwa utaratibu na mama aelezwe vizuri kabla. Agizo hilo lilitoka miaka kumi na sita baada ya kifaa kuidhinishwa Marekani.

FOMU YETU

Tuliposoma habari hizi ofisini, mmoja wetu alichukua fomu ya taarifa ya robo mwaka ambayo watoa huduma na wahamasishaji wetu huijaza, akaiweka mezani. Ina safu ya akina mama waliohamasishwa. Ina safu ya waliowekewa kijiti, waliowekewa kitanzi, waliochukua vidonge. Hakuna safu ya waliotolewa. Hakuna safu ya waliotaka kutolewa wakakosa. Fomu hiyo tumeituma kwa wafadhili kwa miaka kadhaa, nao wametupongeza kwa namba zinazopanda, nasi tumefurahi.

Hatukuweza kujua kwa fomu hiyo lolote kuhusu mama mmoja ambaye habari zake tulizipata kwa njia ya mkato tu, kutoka kwa mke wa mwinjilisti wa mtaa. Aliwekewa kijiti siku ya huduma ya mkoba, timu ilipokuja na gari. Baada ya miezi saba, damu ikiwa haikatiki, alitembea hadi zahanati ya karibu. Aliambiwa muuguzi aliyefundishwa kutoa amehamishwa. Alirudi mara ya pili akaambiwa avumilie, dawa itaisha yenyewe. Mara ya tatu alikodi pikipiki hadi kituo kingine, nako hawakuwa na vifaa siku hiyo. Hatimaye alitolewa, lakini si na mradi wetu. Katika taarifa yetu ya mwaka ule yeye ni namba moja katika safu ya mafanikio.

Kijiti cha mkononi ni kitu chepesi sana kulinganisha na Essure, na hatutaki mtu atoke hapa akidhani tunavifananisha kwa madhara. Kutokwa na damu kusiko na utaratibu ni jambo linalojulikana kwa vijiti, kwa kawaida si la hatari, na mara nyingi mtoa huduma anaweza kulitibu au kumtuliza mama kwa maelezo. Lakini mama akishasema anataka kitoke, kitoke. Mama asiyeweza kukitoa, kwake yeye ni cha kudumu, hata kama kwenye boksi kimeandikwa miaka mitatu. Naye anapokaa na wenzake kisimani, habari anazozieneza ndizo zinazopunguza mahudhurio ya mikutano yetu, kuliko video yoyote ya Marekani.

Kuanzia robo ijayo fomu itakuwa na safu tatu mpya: waliotolewa, waliotaka kutolewa wasipate, na sababu waliyopewa. Safu hiyo ya tatu tunaomba ijazwe kwa maneno ya mama mwenyewe, si kwa vifupisho. Aidha, hakuna timu ya mkoba itakayoweka kijiti mahali ambapo hatujapata jina la mtoa huduma wa karibu anayeweza kukitoa, na kila mama atapewa kadi yenye tarehe, aina ya kijiti, na mahali pa kwenda. Kamati ya usharika itunze nakala ya orodha ya watoa huduma hao na iulize kila mwezi kama bado wapo, maana uhamisho hautangazwi kanisani. Mambo ya siri ya mama yabaki kwake na kwa mtoa huduma. Kamati haihitaji majina ya akina mama.

Tunawaambia wafadhili wetu mapema kwamba namba ya waliowekewa huenda ikashuka, hasa katika mitaa ya mbali. Tunaomba msiisome kama uzembe.

Fomu mpya imeshajaribiwa katika sharika tatu. Mbili zimeirudisha ikiwa imejazwa vizuri. Ya tatu imerudi ikiwa na swali lililoandikwa kwa kalamu pembeni: mama akielekezwa hospitali ya wilaya kwa sababu kijiti kimezama na hakishikiki kwa vidole, nauli analipa nani? Katika bajeti iliyopo hakuna fungu hilo. Tumeliandika katika maombi ya mwaka ujao, na hadi tunapeleka toleo hili mitamboni nauli hiyo inatoka katika mfuko wa kamati za akina mama, pale ambapo mfuko una kitu.